Mtungi wa Kalekye

Ndanu mwanangu,

Salamu nitaziruka. Uko hapo uani, nakusikia ukiitemea pasi mate kuona kama imeshika moto, na mtu hamsalimu mtu aliye hatua kumi kutoka kwake. Mimi niko nyuma ya gereji, nimekalia tairi, daftari liko magotini, na jua bado liko juu. Kila anayepita namwambia naandika orodha ya vipuri. Hakuna anayeshangaa. Nani hapa Kabati hajui kwamba mamako aliachia shule darasa la tano na bado mwandiko wake unashinda wa karani wa chifu?

Sitakuandikia ule nini wala uamke saa ngapi. Hayo nilikufundisha kwa mdomo, mengine kwa mwiko, na yaliingia. Nataka kukuambia jambo moja nililokaa nalo miaka tisa.

Kesho unakwenda Emali kwa baba yako mdogo, Mutinda, mdogo wake marehemu babako, ukafanye kazi katika gereji yake. Ulimwandikia bila kuniambia. Akakujibu neno moja: njoo. Barua yake niliipata ndani ya kitabu chako cha fizikia, na usinikasirikie. Ukitaka kuficha kitu usikifiche katika nyumba ninayofagia mimi. Sasa sikiliza. Mutinda anajulikana mji huu wote kama mwizi wa maji. Jina hilo nilimpa mimi. Hakuiba. Nimejua kwamba hakuiba karibu miaka hiyo yote tisa na sikumwambia mtu. Ukienda bila kujua, utakula sahani yake ukiwa umebeba uongo wangu mgongoni kama mtoto. Ukienda na ukweli, huenda akakuonyesha barabara kabla hujafungua sanduku. Nimekuchagulia hiyo ya pili. Utanichukia kidogo. Soma tu.

Nianze na Nzige, kwa sababu wewe umemjua sana akiwa mzee, amewekwa juu ya mawe, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Hakuwa hivyo. Alikuwa gari la mbio, milango miwili, pua ndefu, rangi ya chungwa, mali ya daktari mmoja mzungu wa misheni aliyekuwa akimkimbiza kwenye mashindano ya Pasaka. Alikuwa na mbio kweli, na alikuwa na homa. Kila safari ndefu anachemka. Mara ya tatu alimwacha daktari huko Kanyangi, juani, yeye na kofia yake. Mzungu alipokuwa anarudi kwao akamwambia babako, "Kilonzo, mchukue. Ukiweza kumpoza ni wako." Babako hakuwahi kumpoza. Alikufa kwa kifua mwaka uliofuata, ukiwa na miaka saba, akaniachia wewe, nusu ya gereji, na gari lenye homa. Nusu nyingine ya gereji ilikuwa ya Mutinda.

Watu walidhani nitauza. "Kiveti kitafanya nini na spana?" walisema, yaani mke wa mtu. Hawakujua kwamba miaka kumi niliyowapikia chai wale ndugu wawili, macho yangu yalikuwa ndani ya injini, si ndani ya sufuria. Kabla mwaka haujaisha nilikuwa nateremsha giaboksi ya lori peke yangu. Mimi ndiye mwanamke wa kwanza kutoka hapa mpaka Migwani kufungua injini, ikafungika tena, na ikawaka. Ukisikia mwingine anadai hivyo, mwambie aje anionyeshe kucha zake.

Wakikuuliza huko Emali nani alikufundisha kutafuta panapovuja, jibu kwa sauti. Lile lori la mawe lilitoka kwa mafundi watatu wa Kitui mjini, wamebadilisha sili ya nyuma, ule mpira wa kuzuia oili, mara mbili, na oili bado inadondoka. Niliosha injini kwa mafuta ya taa na sabuni, nikaikausha kwa matambara, nikasaga chaki za shule, nikainyunyizia mpaka ikawa nyeupe yote. Dereva akacheka.

"Mama Ndanu, umempaka poda kama mtoto aliyetoka kuoga?"

"Ndiyo. Sasa akikojoa tutaona ni wapi."

Tukaiwasha dakika kumi. Mstari mweusi ukatokea, mwembamba kama uzi, unaanzia juu kabisa chini ya kifuniko cha valvu, unatambaa nyuma ya injini mpaka kwenye ile sili waliyokuwa wanaisumbua bure. Bolti mbili zilizolegea. Nilimwambia yule dereva awapelekee mafundi wake salamu na kipande cha chaki. Nilikuwa na mdomo, na mdomo ulikuwa na haki kwa sababu mkono ulikuwa nayo. Shida ni kwamba nilizoea. Nikaanza kuamini kwamba kisichoonekana kwenye chaki yangu hakipo.

Ukaja mwaka ule wa mahindi ya njano. Utakumbuka foleni za chakula cha msaada, na ng'ombe wa jirani waliolala wasiamke. Katika mwaka huo, kati ya miaka yote, mimi niliamua kumponya Nzige. Sababu yake ni aibu kuitaja. Dada yangu Syombua aliniambia siku ya harusi yangu, mbele ya wakwe, "Umeolewa na mtu wa kulala chini ya magari. Utamjua kwa miguu tu." Wakwe walicheka. Mimi nilikaa na kicheko hicho miaka kumi na mbili. Sasa kanisa jipya la kwetu Migwani lilikuwa linafunguliwa, Syombua atakaa kiti cha mbele, na mimi nikaapa nitafika pale nikimwendesha Nzige mwenyewe, vile vilima vyote, bila kuchemka.

Kazi tuliyofanya ilikuwa nzuri, hilo halikataliki. Tuliondoa rejeta yake nyembamba tukatia ya pikapu, nene, safu tatu za mirija, Mutinda akikata vyuma vya kuishikilia na mimi nikichomelea. Feni ya mapanga manne tuliitoa, tukaweka ya sita. Nafasi za pembeni tulizizibia vipande vya tyubu, ili upepo usipite kando kama mtoto anayekwepa kuoga. Upite ndani ya rejeta. Ile themostati, kidude kinachoyafungulia maji njia injini ikipata moto, tuliipima ndani ya sufuria jikoni, wewe ukichungulia, na ilipofunguka ulipiga makofi.

Kisha mimi nikataka kifuniko. Kifuniko cha rejeta, cha lori, chenye springi ngumu, kwa sababu maji yakibanwa zaidi huchelewa kuchemka. Ni kweli, huchelewa. Mutinda alikigeuza mkononi.

"Shemeji, springi hii ni ya kifua cha lori. Gasketi ya hedi ya Nzige ni ile ile aliyokuja nayo. Ndiyo inayotenga maji na moto. Ukimbana pumzi hapa, atatafuta pa kutokea."

"Wewe Mutinda ulizaliwa ukiogopa. Kilonzo angekiweka."

"Kilonzo angefungua hedi kwanza."

Nikakiweka. Nilimtaja marehemu ili kumnyamazisha. Unaijua hiyo tabia yangu, umekula nayo.

Sasa maji. Ya kisima cha pampu unayajua, chumvi tupu, na chumvi hula rejeta. Matamu yalibaki kidogo tu, chini ya tangi letu la mvua. Nikalitia tangi kufuli, ufunguo nikauweka kifuani. Nzige alikunywa ya mvua. Wewe ulikunywa ya kisima. Tumbo lilikuendesha siku tatu, midomo ikapasuka, na Mutinda akaniuliza kwa upole, "Shemeji, gari linakunywa kabla ya mtoto?"

Nikamjibu, "Mtoto hashiki kutu."

Watu wa gereji walicheka, na mimi nikacheka nao kwa kujiona mjanja. Wewe ulikuwa umelala kwenye gunia pale mlangoni ukitusikiliza.

Ndipo maji yakaanza kupotea. Kila jioni namjaza Nzige mpaka shingoni, namzungusha hadi kanisani na kurudi. Asubuhi nafungua, yamepungua vikombe viwili. Nikatandika katoni chini yake. Asubuhi ni kavu. Nikaosha injini nikanyunyiza chaki. Nyeupe, hakuna uzi, hakuna doa. Nikapapasa zulia chini ya miguu ya dereva, kwa sababu maji ya hita huvujia huko, kavu. Siku ya tatu, ya nne, vikombe viwili. Mutinda akasema tufungue hedi, kichwa chenyewe cha injini. Kufungua hedi ni kuagiza gasketi Nairobi na kungoja, na kanisa linafunguliwa baada ya wiki tatu. Nikaona anataka nisifike.

Wewe ukaja ukanivuta ovaroli. "Mama, asubuhi Nzige anatoa moshi mweupe huko nyuma, na ukiweka mkono kwenye ekzosi unalowa."

Nilikuzaba kofi, Mutinda akitusikia. Nikasema umefundishwa maneno na baba yako mdogo. Kiganja chako kilikuwa bado kimelowa.

Nikafikiri kwa akili yangu yote, ambayo si ndogo. Maji hayadondoki. Basi yanabebwa. Na nani anajua kukifungua kifuniko kile, nani analala hatua ishirini kutoka gerejini, nani amenyimwa tangi na ana mtoto mchanga ndani? Nikaridhika kama mtu aliyeuona mstari kwenye chaki.

Mutinda na mkewe Kalekye walikuwa wanakaa kile chumba cha nyuma, na mtoto wao wa miezi mitano. Walimpa jina la babako, Kilonzo, kwa hiyo kwa desturi yetu alikuwa mume wangu, na ndivyo nilivyomwita. Nikipita asubuhi namuuliza, "Mume wangu, jana ulilala wapi?" na Kalekye anamjibia, "Amechoka, mama Ndanu, muulize kesho." Na yeye anacheka na ufizi mtupu. Nakuandikia hili ili usidhani sikumpenda. Nilimpenda, na haikusaidia kitu.

Siku ya soko niliingia kwao na wanawake wanne niliowatoa kwenye foleni ya mahindi, wawe mashahidi. Kalekye alikuwa ananyonyesha. Mtungi ulikuwa pembeni, umefunikwa kwa sahani.

"Kalekye, haya maji ni ya wapi?"

"Ya mtoni, mama Ndanu."

"Mto gani una maji mwaka huu?"

"Tiva. Unachimba mchanga mpaka unazama mwenyewe. Nilitoka alfajiri." Akaninyooshea mikono. Kucha zilikuwa zimeliwa na mchanga.

Nilichovya kidole nikaonja. Matamu. Nikawaonjesha wale wanawake mmoja mmoja.

"Ni ya kisima haya?"

"Si ya kisima," wakasema.

"Si nimesema ni ya mtoni," Kalekye akasema. "Ya mchanga ni matamu. Wewe hujui?"

Nilijua. Kila mtu aliyezaliwa huku anajua. Lakini Mama Peninah, yule muuza ndengu, akasema, "Labda ni Nzige amemkojolea mtungini," wakacheka, na kicheko chao kikanipa mikono. Niliuinua ule mtungi nikaumwaga mlangoni.

Ardhi ya mwaka ule haikuacha hata dimbwi. Kalekye hakunitukana. Alivua leso ya kichwani, akailaza pale palipolowa, akaigandamiza kwa viganja vyote viwili, kisha akaikamulia kinywani mwa mtoto. Yakatoka matone ya rangi ya udongo. Mume wangu akayalamba.

Mutinda alikuja mbio na spana mkononi. Watu wakasogea wapishe ugomvi. Aliutazama mtungi, akamtazama mkewe, akaiweka spana chini taratibu.

"Shemeji," akasema, "fungua hedi."

"Fungua wewe mdomo, useme umeyapeleka wapi maji yangu."

Wazee wa ukoo waliitwa. Walimtaka aape kile kiapo cha zamani ambacho mwongo hufa nacho. Akasema yeye ni mtu wa kanisa, hashiki vitu hivyo, na hatamwita Mungu juu ya vikombe viwili vya maji. Wazee wakasema anayekataa kuapa amejihukumu. Mimi nilijua atakataa, Ndanu. Nilikuwa naimba naye kwaya. Ndiyo maana ni mimi niliyeomba aapishwe.

Aliondoka wiki hiyo juu ya lori la makaa, na mkewe, na mtoto, na sanduku la spana. Nusu yake ya gereji alisema ni yako ukikua. Wewe nilikuambia nimeinunua.

Migwani nilienda. Nilifunga kilemba kipya. Kwenye kilima cha mwisho Nzige alikohoa, moshi mweupe ukajaza barabara mpaka sikuliona kanisa, akazima. Vijana wa kwaya wakanisukuma mpaka getini. Nikaingia chini ya gari na kilemba changu nikitafuta panapovuja, na kote kulikuwa kukavu. Nikaona viatu vya dada yangu vimesimama karibu na gurudumu.

"Mbithe," Syombua akasema, "karibu nyumbani. Nimekujua kwa miguu."

Lori lilinivuta mpaka hapa. Nikafungua hedi. Pistoni zilikuwa sita. Tano zilikuwa nyeusi kwa masizi, ndivyo huwa. Ya pili kutoka mbele ilikuwa inang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Maji hufanya hivyo. Yakiingia kwenye moto yanakuwa mvuke, na mvuke unaosha kila kitu. Gasketi ilikuwa imeungua mahali padogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, pale kati ya njia ya maji na silinda. Nzige mwenyewe ndiye aliyekuwa anakunywa vikombe viwili na kuvitoa nyuma kwa moshi. Na kifuniko changu cha lori ndicho kilichokuwa kinamsukumia kooni.

Sikulia. Nataka ujue hivyo. Niliitupa ile gasketi ndani ya shimo la choo, nikanawa mikono kwa maji ya tangi.

Siku nne baadaye mchuuzi wa mbuzi aliyetoka upande wa Makueni alikuja akatukuta akina mama tumekaa nje ya kanisa, akatoa habari. Mtoto wa Mutinda amekufa. Maziwa ya mama yalikauka, wakampa maji waliyoyapata, akaharisha siku mbili. Wanawake wote wakanitazama mimi.

Nikasema, "Mungu ameona."

Susu yako alikuwepo, mama aliyewazaa Kilonzo na Mutinda wote wawili. Alinyanyuka akaenda zake, na toka siku hiyo hakula chakula cha mkono wangu mpaka alipokufa. Ulikuwa ukiniuliza kwa nini susu anapikiwa na jirani. Basi ni hivyo.

Siku nne, mwanangu. Nilikuwa nimeshaiona ile pistoni. Wapo wanaosema nilitamka vile kwa uchungu wa maji yangu, na nimewaacha waseme. Nilitamka nikijua. Kama Mutinda si mwizi, basi nani amemuua mtoto mwenye jina la babako? Ilibidi awe mwizi. Nilimhitaji awe mwizi kila nilipoamka. Susu alipokufa nilisema mwizi asiitwe mazishini, na hakuitwa. Alizika mtoto wake bila sisi, na tukamzikia mama yake bila yeye. Nasikia sasa wana watoto watatu. Majina yao siyajui, na katika ukoo wetu mimi ndiye niliyepaswa kuwa wa kwanza kuambiwa.

Usitafute mfano wa mchungaji ndani ya injini hiyo. Nimekueleza ilivyokuwa, basi. Lakini wewe ni fundi, na itakuja siku uoshe, unyunyize, utandike katoni, na usione kitu, na mwenye gari amesimama juu yako na mafundi wanakutazama, msichana mmoja kati ya wanaume. Siku hiyo sema, "Sijapata." Ni neno fupi na lilinishinda mimi mwenye mdomo wote huu. Ningelisema kwa Mutinda, tungefungua hedi, Migwani ningeenda kwa miguu, Syombua angenicheka mwaka mzima, na mambo yangeishia hapo. Kicheko cha Syombua. Hicho ndicho nilichokuwa nakikimbia, Ndanu, na ulijionea nilivyokikimbia juu ya nani.

Na juu ya kofi lile. Nimekusifia kwa watu mengi, hesabu zako, sauti yako, huo urefu ambao ni wangu. Hili sijawahi kulitamka. Ulipata panapovuja ukiwa na miaka tisa, bila chaki, kwa kiganja. Kwa hiyo fundi bora kutoka hapa mpaka Migwani si mimi. Nakuambia mara moja tu, usizoee.

Leo asubuhi nilianza. Nilikwenda kwa Mama Peninah nikamwambia yote, pistoni, gasketi, zile siku nne. Nilimchagua yeye kwa sababu kabla ya jua kuzama soko lote litakuwa limesikia. Aliendelea kupepeta ndengu zake kana kwamba namuuliza bei. Kisha akasema, "Na mbona umekumbuka leo, Mbithe, wakati binti yako anatafuta kazi kwa huyo huyo mwizi?"

Nilirudi barabara yote nikilitafuta jibu na sikulipata, kwa sababu alisema kweli. Usingeandikiwa "njoo," huenda ningekaa na neno hili mpaka kaburini na mngeniimbia vizuri. Nilipokaa kwenye tairi hili ndipo nikaona njia moja tu ya kumjibu. Neno hili likikufaa wewe kitu, litakuwa ujanja wangu mwingine. Kwa hiyo usilifiche mpaka wakuzoee, usisubiri wakupe ovaroli na kitanda, usimpe Mutinda barua asome peke yake chumbani kama mtu anayesomewa hukumu kwa siri. Mimi nilimwaibisha mchana, mbele ya watu. Mwite, na mafundi wake wawepo, na Kalekye awepo, kwa sababu mtungi ulikuwa wake. Soma kwa sauti. Usiruke mahali, hata pale pa "Mungu ameona." Hapo hasa, usiruke.

Akikufukuza, usimlilie, wala usimwambie kwamba wewe ulikuwa mtoto na ulisema juu ya moshi. Alisikia siku ile, anajua. Mwache alifikirie mwenyewe. Rudi nyumbani, nitakuwa hapa, na utanifokea utakavyo, sitakujibu, jambo ambalo mji huu haujawahi kuliona.

Ukifika tu, Kalekye atakuletea maji kabla ya kukuuliza habari za safari. Namjua, hawezi kumwacha mgeni na vumbi kooni. Pokea kikombe kwa mikono miwili, ukiweke chini, ufungue barua hii. Ukimaliza, usikiguse. Ngoja mmoja wao akuambie, kunywa. Wasiposema, mrudishie kikombe chake kikiwa kimejaa, usimwage hata tone, kisha uchukue sanduku lako.

Mamako,
Mbithe